Baada ya Moto wa Namugongo

Mwaka 1888 ukiwa ukingoni, mkimbizi mmoja alifika kwenye misheni ya shirika la Mapadre Weupe huko Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, si mbali na Mwanza. Alikuwa Mwanga, kabaka (mfalme) wa Buganda aliyepinduliwa. Ilikuwa imepita miaka miwili na ushei tu tangu aamuru vijana wa kasri lake wachomwe moto Namugongo kwa sababu ya dini waliyofundishwa na mapadre hao hao. Mmoja wao, Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, aliwajua wengi wa marehemu kwa majina. Mapadre walimpokea mgeni wao na kumpa hifadhi.

Kisa hicho husimuliwa kwa nadra. Kila tarehe 3 Juni, siku ya kuwakumbuka vijana hao, mahujaji humiminika Namugongo nchini Uganda, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania, na mahubiri ya siku hiyo huwa juu ya ujasiri wa kufa. Ni sawa, mashahidi wanastahili heshima hiyo. Lakini swali la namna Mkristo anavyopaswa kuitikia anapoteswa kwa ajili ya imani yake haliishii kwenye kifo, kwa sababu wengi wa wanaoteswa hawafi. Wanabaki hai, aliyewachongea naye yu hai, na siku moja mambo yanageuka. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu.

Tuanze na waliokufa. Mwanga alirithi kiti mwaka 1884 akiwa kijana ambaye hajafika hata miaka 20. Alihofia Wazungu waliokuwa wakikaribia kutoka mashariki, na alikasirishwa na vijana wa kasri waliokataa matakwa yake, yakiwemo ya kimwili. Januari 1885 waliuawa watatu wa kwanza, Waanglikana. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington akauawa Busoga alipokuwa njiani kuja Buganda. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki mwenye cheo kikubwa kasrini, akamwambia kabaka waziwazi kwamba amekosea kumuua mgeni. Tarehe 15 Novemba 1885 naye akakatwa kichwa.

Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa Mukasa alimtuma mnyongaji kwa kabaka na ujumbe wa sehemu mbili: kwamba amemsamehe, na kwamba atubu, la sivyo watakutana mbele ya Mungu naye Mukasa atakuwa mshtaki. Wahubiri hupenda nusu ya kwanza. Nusu ya pili ina uzito uleule. Mtu huyu alisamehe bila kusema kwamba hakuna kosa lililotendeka, na hakuona kwamba upole unamdai anyamaze.

Mei 1886, usiku mmoja huko Munyonyo, Charles Lwanga, kiongozi wa vijana wa kasri, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wanafunzi wa dini, akiwemo Kizito, mdogo kuliko wote, aliyekadiriwa kuwa na miaka 14. Kisha, kwa amri ya kabaka, walifungwa kamba, wakatembezwa hadi Namugongo, wakaviringishwa kwenye mikeka ya matete na kuchomwa Juni 3, Wakatoliki pamoja na Waanglikana. Lwanga alitengwa, akachomwa polepole kuanzia miguuni. Mnamo Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Kikatoliki. Wachache, kama Denis Kamyuka, walirudishwa kutoka kwenye kuni zenyewe, na ni kwa vinywa vyao tunajua mengi ya yaliyotokea siku ile.

Jambo jingine husahaulika kila Juni. Miaka kumi hivi kabla ya hapo, baba yake Mwanga, Kabaka Mutesa, aliwaua Waislamu kadhaa mahali hapo hapo Namugongo. Walikuwa wamekataa nyama ya kasrini kwa kuwa haikuchinjwa kwa kufuata dini yao, na kukataa uongozi wa sala wa mfalme asiyetahiriwa. Kosa lao lilikuwa lile lile la Lwanga: kumwambia kabaka kwamba yuko aliye juu yake.

Sasa, je, kufa ndiyo njia pekee? Anayesoma Matendo ya Mitume kwa makini hawezi kusema hivyo. Paulo aliteremshwa ndani ya kapu kupitia ukuta wa Dameski usiku, akatoroka. Huko Filipi yeye na Sila walipigwa viboko hadharani bila kesi na kutupwa gerezani. Asubuhi mahakimu wakatuma watu wawaachilie kimyakimya. Paulo akagoma. Yeye ni raia wa Roma, amepigwa mbele ya watu, na leo wanataka atoke kwa siri? Waje wenyewe kumtoa! Mahakimu wakaja, wamenywea, wakiwabembeleza waondoke mjini. Ni moja ya sehemu zinazochekesha katika Agano Jipya, na ina faida kwa kanisa dogo litakalobaki mjini baada ya mitume kuondoka: wakubwa wa Filipi sasa wamejua kwamba kumpiga Mkristo kuna gharama. Baadaye Paulo alikata rufaa hadi kwa Kaisari. Kutafuta haki kwa mujibu wa sheria hakukuwa upungufu wa imani machoni pake. Na katika Mathayo 10 Yesu mwenyewe anawaagiza wanafunzi wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine.

Cyprian, askofu wa Carthage, alilifuata agizo hilo mwaka 250, Kaisari Decius alipowalazimisha watu wote wa dola kutoa sadaka kwa miungu na kupata cheti cha kuthibitisha. Alijificha, akaliongoza kanisa kwa barua, na watu wakamsema sana. Wakristo wengine walitoa sadaka kwa woga. Wengine walinunua cheti tu bila kutoa sadaka yoyote, ujanja ambao hautamshangaza mtu yeyote aliyewahi kutafuta karatasi yenye mhuri. Mateso yalipopoa, kanisa likagawanyika juu ya namna ya kuwapokea tena walioanguka. Cyprian alikataa kuwafungia mlango milele na alikataa pia kuwarudisha bila toba. Mwaka 258 zamu yake ilipofika, hakukimbia tena. Aliagiza mnyongaji wake apewe vipande 25 vya dhahabu, akakatwa kichwa.

Mtu yule yule, basi, alikimbia na baadaye akasimama. Vivyo hivyo Uganda ya Idi Amin ilikuwa na maaskofu wawili ambao kanisa lingepata hasara kwa kumkosa mmojawapo. Februari 1977 askari walivamia usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wakidai kutafuta silaha. Maaskofu wa Kianglikana wakamwandikia Amin barua wakilalamikia uvamizi huo na mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakaonyeshwa silaha mbele ya askari, kisha wenzake wakaambiwa waondoke na Luwum akabakizwa. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuondoka siku ile. Alipojua kwamba anawindwa, yeye na mkewe walipanda milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Kutoka uhamishoni aliwaeleza walimwengu yaliyokuwa yakitendeka nchini mwake, akakusanya misaada kwa wakimbizi, na mwaka huo huo wa 1977 akachapisha kwa Kiingereza kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Wapo waliokasirika. Lakini mtu huyo huyo alikuwa ametia sahihi barua ya kumshutumu Amin na hakuacha kuueleza ulimwengu ukatili wake.

Hapa lazima tuseme pia kwamba si kila shida inayompata Mkristo ni mateso ya imani. Mtaa ukilalamikia spika za kanisa zinazonguruma hadi alfajiri, huyo si Mwanga amefufuka. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 4, unaonya mtu asiteseke kwa wizi, uuaji, wala kwa kujiingiza katika mambo ya watu. Mchungaji anayeliita kila agizo la manispaa vita dhidi ya kanisa anawapunja wale wanaouawa kweli.

Turudi Buganda, maana hadithi ilikuwa na sehemu nyingine. Wakristo walionusurika mwaka 1886 walipata bunduki na vyeo. Mwaka 1888 walishirikiana na Waislamu kumpindua Mwanga, wakafukuzwa na washirika wao, kisha wakapigana hadi wakamrudisha Mwanga kwenye kiti huku madaraka wakiyashika wao. Apolo Kagwa, aliyenusurika kifo wakati wa mateso, akawa Katikkiro, yaani waziri mkuu. Tarehe 24 Januari 1892, miaka isiyotimia sita tangu Wakatoliki na Waanglikana waungue pamoja Namugongo, ndugu zao wa imani walipigana wao kwa wao huko Mengo, kwenye makao ya kabaka. Kapteni Lugard, ofisa Mwingereza, aliwapa Waprotestanti bunduki na kuwasaidia kwa bunduki ya Maxim, na Wakatoliki wakakimbilia visiwani, kisha Buddu. Waislamu nao walisukumwa pembeni katika mgawanyo wa nchi. Watu waliojua kufa pamoja hawakujua kutawala pamoja.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni hapo Mkristo anapopimwa kuliko mahali pengine popote. Kukimbia kunaruhusiwa, na kwenda mahakamani, na kupaza sauti. Kisasi hakiruhusiwi, iwe kwa panga au kwa sheria inayotungwa ili jirani wa dini nyingine akae roho juu.

Kenya imelikuta swali hilo karibuni zaidi. Novemba 2014, wanamgambo wa Al-Shabaab kutoka Somalia walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuua watu 28. Aprili 2015 wakaua 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hasira ya kumwona kila Msomali kuwa adui ilikuwapo, na ilieleweka. Desemba 21, 2015 basi jingine lilisimamishwa huko huko Mandera. Safari hii abiria Waislamu waliwapa wanawake Wakristo hijabu wajifunike na wakakataa kutengana nao. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016.

Wahubiri wa Juni 3, basi, wasiishie kwenye kuni za Lwanga. Wawataje Waislamu wa Namugongo waliotangulia, waisome Mengo ya 1892 bila kuipaka rangi, na waumini wakirudi nyumbani wakamwamkie Salah Farah wa mtaani kwao kabla mtu hajawashawishi kwamba ni adui.