Je, Ni Haki Kujaribu Dawa kwa Mgonjwa?



Twajiuliza: je, ni haki kujaribu dawa mpya kwa mama ambaye saratani ya mlango wa kizazi imekwisha kumwenea?

Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wanawake 617 wa nchi mbalimbali. Wote walipewa dawa za kawaida za saratani. Kisha, kwa kura, wengine waliongezewa pembrolizumab, dawa iamshayo kinga ya mwili ipigane na saratani. Wengine waliongezewa dawa tupu. Baada ya miaka 2, katika kila 100 waliopata dawa hiyo, 50 hivi walikuwa hai. Katika wale wengine, 40 hivi. Tofauti hiyo isingejulikana pasipo wanawake kukubali kupigiwa kura. Kujaribu, basi, si dhambi.

Lakini kukubali ni nini? Mama aliyezoea kuponda mawe ya dhahabu kule Nyarugusu, mwenye maumivu na asiye na nauli ya kufika Bugando, akiahidiwa matibabu ya bure atakataaje? Yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa amewamalizia waganga mali yake. Mwenye shida kama hiyo hukubali lolote. Ndiyo maana Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walijiwekea mwaka 1964 na kulirekebisha baadaye, lataka mgonjwa aeleweshwe, tena awe huru kukataa. Nasi twasema aeleweshwe kwa lugha ya nyumbani kwake, hata ikiwa ni Kisukuma.

Hata hivyo, uhuru peke yake hautoshi. Matunda hayana budi kurudi kwa waliopanda. Kwa jirani zetu wa Mwanza, kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 walishiriki jaribio la chanjo ya virusi vya HPV viletavyo saratani hii, ili ionekane kama sindano 1 yatosha badala ya 2 au 3. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali sindano 1, na mwaka 2024 Tanzania ikaanza kuitoa kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Hapo waliojaribiwa na waliofaidika ni ndugu. Bali dawa ile ya kuamsha kinga, bei yake haifikiwi na mkulima wa pamba wa Shinyanga.

Basi mama akiombwa kuingia katika jaribio, tusimwamulie. Tumsindikize hospitali, tuulize pamoja naye: akikataa, atatibiwaje? Dawa ikifaa, wenzake wataipataje? Wakati huohuo mabinti wetu wapate chanjo, na akina mama wakapimwe mapema.