Mtoto wa Miaka 13 Kwenye Dirisha la Viza

Miongoni mwa masharti yanayomkabili mwanafunzi wa Kenya anayetarajia kwenda kusoma Marekani, lililoonekana dogo kwa muda mrefu ni swali moja lililomo katika fomu DS-160, yaani fomu ya maombi ya viza inayojazwa kwa kompyuta kabla ya mahojiano ubalozini, ambalo humtaka mwombaji ataje majina aliyoyatumia katika mitandao ya kijamii kwa miaka 5 iliyopita. Swali hilo liliongezwa mwaka 2019, na wengi walilijibu kama wanavyojaza namba ya sanduku la posta. Mambo yaligeuka tarehe 18 Juni 2025, pale Marekani, ikiwa imesimamisha kwa wiki kadhaa upangaji wa mahojiano mapya ya wanafunzi, ilipotangaza kwamba waombaji wa viza za F, ambazo ni za masomo ya kawaida, za M, ambazo ni za mafunzo ya ufundi, na za J, ambazo ni za mipango ya kubadilishana wanafunzi na wataalamu, waziache akaunti zao wazi kwa umma ili maafisa wapate kuzipekua.

Hapo inafaa hesabu ifanywe. Anayemaliza kidato cha nne huwa na umri wa miaka 17 au 18 hivi. 18 ukitoa 5 hubaki 13, na 13 ndio umri ambao Facebook, Instagram na TikTok humruhusu mtoto kufungua akaunti. Kwa hiyo kijana aliyekwisha kupata nafasi chuoni, ambaye pengine ukoo mzima umemfanyia harambee ya nauli na karo, anasimama mbele ya dirisha la ubalozi kule Gigiri akiwa amefuatana na mtoto aliyekuwa akiazima simu ya shangazi wakati wa likizo, na ambaye, kwa kuwa shuleni simu ni marufuku, aliandika katika wiki tatu upuuzi wa muhula mzima.

Wazazi wengi hudhani kwamba upuuzi wa kuogopwa ni matusi au siasa, na hapo hawakosei, lakini liko chapisho la aina nyingine, lisilo na tusi wala siasa, ambalo madhara yake ni makubwa kuliko sura yake, nalo ni ule mzaha wa kuwaambia marafiki, "Nikitua huko msinitafute, sirudi ng'o!" Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 humchukulia mwombaji wa viza ya masomo kuwa ni mtu anayetaka kuhamia huko moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba sivyo. Mzigo wa kuthibitisha, basi, uko mabegani mwa kijana, na mzaha wake ni ushahidi alioutoa dhidi ya nafsi yake, bila kuulizwa, kwa gharama ya bando la shilingi ishirini.

Lugha nayo ina mitego yake. Mzinga katika kamusi ni silaha, au ni nyumba ya nyuki. Dar es Salaam kumpiga mtu mzinga ni kumwomba fedha. Nairobi mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali. Kijana akiandika kwamba jana alimpiga mjomba mizinga miwili, msomaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, atacheka na kumhurumia mjomba, ilhali afisa asiyejua Kiswahili, akitegemea programu ya kutafsiri, anaweza kusoma habari za mashambulizi ndani ya familia.

Huenda akatokea wa kusema kwamba asiye na kosa hana la kuhofia, na kwamba kila nchi ina haki ya kumjua mgeni kabla ya kumfungulia mlango. Haki hiyo haikanushiki. Lakini kumjua mgeni ni jambo moja, na kumhukumu kwa maneno ya utoto wake ni jambo jingine, hasa ikikumbukwa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtambua mtoto kuwa hawezi kuridhia peke yake matumizi ya taarifa zake bila mzazi au mlezi. Sharti hili la viza halina busara, na ukubwa wa nchi inayoliweka hauliongezei busara yoyote.

Hata hivyo, kulilaumu sharti hakumpatii mtu viza, na ndipo kijana mwenye majuto anapokimbilia kufuta. Kufuta kuna mipaka, kwa sababu picha ya skrini iliyokwisha kuchukuliwa haifutwi na aliyeandika. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard kiliwanyang'anya nafasi wanafunzi wasiopungua 10 waliokuwa wamekubaliwa kujiunga nacho, kwa sababu ya picha za mzaha mchafu walizotumiana katika kikundi cha faragha cha Facebook. Faragha hiyo haikuwasaidia.

Lililo baya zaidi ni ushauri unaotolewa mitaani kwamba akaunti ifutwe kisha isitajwe katika fomu. Fomu huuliza akaunti zilizotumika katika miaka 5, si zile zilizo hai leo, na mwombaji hutia saini kuthibitisha kwamba majibu yake ni ya kweli. Mzaha wa kitoto unaweza kuelezwa kwenye mahojiano, na viza ikinyimwa kwa kifungu cha 214(b) mtu anaruhusiwa kuomba tena. Lakini uongo wa makusudi katika jambo la msingi ni kosa jingine kabisa, ambalo katika sheria ileile linaweza kumzuia mtu kuingia Marekani maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Mzazi na akae na mwanawe kabla fomu haijatumwa, wazipitie akaunti pamoja bila kugombana, na ile iliyofutwa mwezi uliopita nayo iandikwe.