Picha Tuliyoikataa

Ilikuwa Jumatano, siku ya maombi, dada yetu wa kwaya alipokuja mbele ameshika bahasha ya hospitali. Mimba yake ilikuwa na wiki 22. Daktari alikuwa amempima kwa altrasaundi akaona uwazi chini ya mgongo wa mtoto na maji yaliyozidi kichwani. Alimweleza kwamba mtoto ana mgongo wazi, akamwandikia rufaa akajifungulie hospitali kubwa, karibu na wapasuaji. Sisi wazee wa kanisa pamoja na akina mama wa umoja tulimzunguka, tukaweka mikono juu ya ile bahasha, tukaikataa picha kwa jina la Yesu. Tuliikataa kwa sauti kubwa. Mmoja wetu, mama mtu mzima anayeheshimika, alimwambia, "Mwanangu, ripoti ya wanadamu isikutishe." Akarudi nyumbani na rufaa ndani ya Biblia yake, wala hakwenda.

Mtoto alizaliwa usiku kwenye zahanati, na mgongo ulikuwa wazi kama ilivyoandikwa. Kidonda cha namna hiyo hutakiwa kufungwa ndani ya siku mbili tatu za kwanza, kabla vijidudu havijaingia kwenye uti wa mgongo. Sisi tulihangaika siku tisa kutafuta nauli, gari na kitanda. Alipofika alikuwa tayari ana maambukizi. Yu hai, namshukuru Mungu kila mmoja wetu kwa hilo, lakini kwa miaka tulikuwa tukilisimulia jambo hili kama jaribu lililompata dada yetu. Hatukuwahi kulitaja kuwa kosa letu. Ndiyo maana tunaandika.

Swali tulilokuwa nalo siku ile, ingawa hakuna aliyelitamka, ni hili: je, kumtazama mtoto kabla Mungu hajamtoa ni kukosa imani? Zaburi ya 139 inamsifu Mungu amwonaye mtoto angali tumboni. Baadhi yetu tumeisoma kana kwamba inasema Mungu peke yake ndiye anayeruhusiwa kuona. Haisemi hivyo. Na wengi tuliolishuku kosa hilo kwa dada yetu tulikuwa wenyewe tumeshapigiwa picha wake zetu na binti zetu ili tujue tu kama ni wa kike au wa kiume, tukazituma kwa ndugu kwenye simu, tukafurahi. Picha ilipoleta habari njema tuliiita baraka. Ilipoleta habari ngumu tukaiita ya shetani.

Tena wachache wetu wanajua kwamba kipimo hiki kilianzishwa na mtu wa kanisani. Ian Donald, profesa wa uzazi mjini Glasgow, alichukua aina ya kifaa kilichotumika viwandani kutafutia nyufa ndani ya chuma, akaanza kukijaribu kwenye matumbo ya wanawake. Mwaka 1958 yeye na wenzake John MacVicar na Tom Brown walichapisha picha zao za kwanza. Donald alikuwa Mkristo wa dhati, na sheria ya utoaji mimba ya Uingereza ya mwaka 1967 aliipinga hadharani. Aliishi kuona chombo chake mwenyewe kikisaidia watu kufikia maamuzi ambayo yeye asingeyafikia. Hakuacha kukifundisha kwa sababu hiyo.

Tukubali kwanza kwamba picha ina mipaka yake. Kuna kipimo cha kuchuja, na kuna kipimo cha kuthibitisha, na watu wengi, hata wahudumu wengine wenye haraka, huvichanganya. Kati ya wiki ya 11 na ya 14, kwa mfano, hupimwa unene wa maji nyuma ya shingo ya mtoto ili kukadiria uwezekano wa hali ya Down. Mama akiambiwa uwezekano ni mmoja kati ya 100, maana yake ni kwamba akina mama 99 waliopewa jibu kama lake watazaa watoto wasio na hali hiyo. Hajaambiwa mtoto wake anayo. Lakini mgongo wazi ni jambo jingine. Mfereji ambao huwa uti wa mgongo hujifunga mnamo siku ya 28 tangu mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Usipojifunga, pengo hubaki, na ubongo mdogo wa nyuma huvutwa chini hadi ukajikunja. Madaktari huuita ndizi kwa jinsi unavyoonekana kwenye picha. Mtu aliyezoea, mwenye mashine nzuri, akiona ndizi hiyo na pengo mgongoni, habahatishi. Dada yetu alikuwa ameonyeshwa vyote viwili.

Halafu kukawa na minong'ono. Wengine walisema ni mkono wa mtu, wengine wakauliza mume alikuwa wapi, wengine wakakumbuka kwamba bibi yake alikuwa mganga. Tulikuwa tunauliza lile swali la wanafunzi katika Yohana sura ya 9, ingawa sura hiyo tumeihubiri mara nyingi na jibu la Bwana tunalijua. Kinachotuuma zaidi ni kwamba swali la chanzo lilikuwa na jibu la maana ambalo halikuhitaji mshtakiwa. Utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 ulihusu wanawake waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hili. Vidonge vya foliki asidi, vikianza kumezwa kabla ya mimba, vilipunguza kurudi kwake kwa asilimia 72. Ndiyo sababu unga wa ngano wa viwandani huongezewa madini na vitamini hiyo. Sembe ya mashine ya mtaani, ile tunayoila sisi, haina. Vidonge hupewa mama anapoanza kliniki, na wengi huanza kliniki mwezi wa tano. Tunafanya semina za uchumba kila mwaka usharikani, tunawafundisha vijana habari za mahari, bajeti na wakwe. Foliki asidi haikuwahi kutajwa.

Tunajua wasiwasi wa wapendwa wanaotazama nchi nyingine. Denmark iliamua mwaka 2004 kwamba kila mjamzito apewe nafasi ya kipimo cha kuchuja mapema, na ndani ya miaka miwili idadi ya watoto waliozaliwa na hali ya Down ilishuka karibu nusu. Hilo linatisha, na hatuoni haya kusema kwamba linatuhuzunisha. Mtoto mwenye hali ya Down hajakosewa na Mungu. Hata hivyo tumechoka kusikia mfano huo ukitolewa madhabahuni kwa majivuno, kana kwamba sisi huku tunawapokea. Tumewaona watoto waliofungiwa chumba cha nyuma wageni wakija. Tumewaona akina mama walioachwa na waume zao wodini. Mwanamke anayesikia habari ngumu kwenye chumba cha altrasaundi anapiga hesabu haraka sana: nani atakaa nami, nani atalipa, watu wataniitaje. Sehemu ya hesabu hiyo ni sisi, na majibu yake ameyaona kwa majirani zake tangu utotoni.

Ipo habari moja ambayo hatuna neno jepesi juu yake. Mara nyingine picha huonyesha mtoto ambaye fuvu la juu na sehemu kubwa ya ubongo havikuumbika. Mtoto huyo, kama hakufia tumboni, huishi saa chache au siku chache. Hakuna upasuaji. Tunaamini uhai huo nao ni wa Mungu, na tumemwona mama aliyeubeba hadi mwisho kwa uchungu ambao hatuwezi kuueleza. Alipojifungua, mtoto alizikwa jioni ileile nyuma ya nyumba na wanawake watatu, bila mchungaji, bila jina, kwa kuwa ndivyo ilivyozoeleka kwa watoto wasiofikisha siku. Ikiwa tunamwambia mama aibebe mimba hiyo miezi minne zaidi kwa sababu aliye ndani ni mtu, basi azikwe kama mtu. Bado tunabishana juu ya jambo hili katika baraza la wazee, na wanaopinga si watu wabaya.

Kwa mgongo wazi na maji kichwani, lakini, kipo cha kufanya. Mbale, nchini Uganda, katika hospitali ya misheni ya watoto, Dk. Benjamin Warf alikuza njia ya kuyafungulia maji mkondo ndani ya ubongo wenyewe, bila kumwachia mtoto mpira kichwani ambao ukiziba usiku kijijini huweza kumuua. Njia hiyo, iliyokomaa huku kwetu, imefundishwa baadaye hadi Marekani. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mama wa kwetu, faida ya wiki hizo ni kupata muda: wa kuchanga nauli, wa kutafuta pa kufikia mjini, wa baba kulia na kumaliza kabla mtoto hajafika. Dada yetu alipewa zaidi ya wiki 15. Sisi tukamnyang'anya.

Mtoto ana miaka sita sasa. Anatembea kwa magongo, anajua kusoma kuliko wenzake wa darasa la Jumapili, na kila baada ya saa chache lazima atolewe mkojo kwa mpira safi ili figo zisiharibike. Ibada yetu ni ndefu kuliko saa hizo. Kwa miaka mama yake alikuwa akitoka katikati ya mahubiri, nasi tulidhani hapendi mahubiri. Siku hizi akina mama wawili wamejifunza kumsaidia, na choo cha kanisa kimewekewa ndoo ya maji, sabuni na komeo.

Mwaka jana tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alitusikiliza, akatukaribisha chai, hakusema amesamehe wala hajasamehe. Kisha akauliza, "Wazee wangu, siku ile mbona hamkuifungua?" Hatukumwelewa. Akaingia ndani akarudi na bahasha ileile, akaitoa picha, akaiweka mezani kati ya vikombe. Hapo ndipo tulipoiona kwa mara ya kwanza. Alituonyesha kwa kidole mgongo ulipo, na pengo, na kichwa, na mkono mmoja ulioinuliwa karibu na uso.