Barua ya mume, kasomewa mke

Jumapili moja baada ya ibada nilikaa kwenye kikao cha jamaa huko Tchomia, Kongo, karibu na ufuko wa Ziwa Albert, mitumbwi inapopakulia samaki. Mama mmoja, muuza makayabu, samaki wa chumvi, vidole vimempasuka kwa chumvi, alikuwa na neno moja tu: amechoka, anataka kuachana na mumewe. Baba yake mdogo hakumwuliza kitu. Alikohoa, akasema, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Wazee wakaitikia. Kikao kikafungwa, ugali ukaletwa. Ule ugali ulinikwama.

Methali hii watu wameikata mkia. Wakishasikia "usiache", masikio yanaziba. Lakini aliyeitunga hakuishia hapo. Alisema *kwa* msala upitao, na uzito wote umo katika hiyo "kwa". Anamkemea mtu anayetupa chake kwa kuwa amekiona cha mwingine kinang'aa begani mwa mpita njia. Anapima sababu ya kuondoka. Yule mama hakuwa na msala wowote uliompitia mlangoni. Alikuwa tayari kulala kwenye udongo mtupu.

Mwaka 2018, mauaji ya Djugu yalipowavusha maelfu ziwani kwenda Uganda, wengine waliondoka na mkeka mmoja kichwani, nyumba na mashamba vikabaki nyuma. Sikumsikia mzee yeyote akiwaambia wasiache mbachao. Kila mtu alijua kwamba anayekimbia moto hajatamani cha mtu.

Na mume je? Kikaoni hakuwepo. Ni mvuvi, na wavuvi wa Ziwa Albert hufuata samaki: leo Tchomia, kesho Kasenyi, mwezi ujao ng'ambo, Ntoroko. Huko Ntoroko ana mke mwingine na watoto wawili, na kila mtu pale kikaoni alijua. Sasa niambieni, aliyeacha mbacha wake kwa msala upitao ni nani? Barua ilikuwa ya mume, wakamsomea mke.

Nina dhana mbaya, bora niitoe. Wazee walitaja mkeka huku wakihesabu ng'ombe. Mahari iliyotolewa kwa ajili ya binti yule ilikwisha kumwolea kaka yake mke. Ikidaiwa, nani atairudisha?

Wahubiri nao wana lao. Wanapenda Malaki, sura ya 2, aya ya 16, mahali Mungu anapochukia kuachana, na sauti zao hupanda hapo hapo. Wasome aya nzima: nusu yake ya pili inamgeukia anayejivika udhalimu. Warudi na nyuma aya mbili, watakuta nabii anawafokea wanaume waliowasaliti wake wa ujana wao. Hata hakimu wa serikali anaishinda jamaa yetu kwa subira. Chini ya Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, hutakiwa kwanza kujaribu kuwapatanisha wawili, kisha apime kama ndoa imebomoka kiasi cha kutotengenezeka. Ili apime, lazima aulize.

Msidhani ninaizika methali. Vijana wa simu ndio wanaoihitaji kuliko wote. Kijana anatazama picha za harusi ya Kampala, magauni, keki ya ghorofa tano, kisha anamgeukia mwenzake aliyeshinda juani akianika samaki na kumwona ameharibika. Huyo nami ningemsomea methali mara tatu, kwa ukali. Mbacha umechakaa kwa sababu umelaliwa. Pale katikati palipolegea ni umbo la mbavu zako mwenyewe, na msala mpya haujui mbavu za mtu. Kuudharau kwa uzee wake ni kuidharau miaka uliyolala juu yake.

Ila kuna tundu la kulaliwa na kuna tundu la kuchomwa, na anayeyajua ni yule anayelala hapo. Tena halali usingizi. Mama yule aliniambia alikaa misimu miwili ya mvua akilitafuna neno lake kabla ya kulileta kikaoni, na usiku aliotaka kulisema kwa mara ya kwanza alimshonea mumewe wavu uliochanika, akanyamaza.

Baada ya kula alikusanya sahani, akaukung'uta mkeka waliokalia wazee, akaukunja. Kisha akanisogelea na kuniuliza polepole, nauli ya pikipiki hadi mjini Bunia siku hizi ni kiasi gani.