Aliyepona Asiachwe Peke Yake

Mwinjili Marko atusimulia habari za Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye binti yake wa miaka 12 alikufa. Bwana wetu aliingia nyumbani mle, akamshika mtoto mkono, naye mara akasimama akatembea. Watu wote walistaajabu mno. Lakini Bwana hakuondoka kabla ya kuwaagiza jambo moja dogo: mtoto apewe chakula. Pengine katika mshangao wao wazazi walisahau ya kuwa aliyefufuka naye huona njaa.

Agizo hilo latuhusu hata sisi. Leo twataka kusema wazi jambo ambalo kwa desturi yetu husemwa kwa kunong'ona, au halisemwi kabisa, nalo ni maisha ya akina baba waliokwisha kutibiwa saratani ya tezi dume.

Tumfikirie baba mmoja wa nchi ya Mbinga, mlima kahawa katika milima ya Umatengo, au mvuvi wa pwani ya Ziwa Nyasa, huko Lituhi, Liuli au Mbamba Bay. Ameugua. Amepelekwa hospitali ya Litembo au ya Peramiho, na pengine amesafiri zaidi ya kilometa 1,000 hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akachomwe kwa mionzi. Kahawa imeuzwa, mbuzi wameuzwa, ndugu wamechanga. Siku arudipo vigelegele vyapigwa, na Misa ya shukrani yatolewa. Kisha kila mtu ashika njia yake, na baba yule aanza safari ya pili, ambayo hakuna aliyemweleza habari zake.

Yatupasa kwanza kufahamu ugonjwa wenyewe. Tezi dume ni kiungo kidogo kilichopo chini ya kibofu, nacho huzunguka njia ya mkojo. Kuvimba kwake uzeeni si saratani sikuzote, lakini daktari peke yake ndiye awezaye kupambanua. Saratani hii haitokani na uzinzi wala uchawi. Huwapata zaidi wenye umri mkubwa, watu wa asili ya Kiafrika, na wale ambao baba au ndugu yao aliugua hivyo. Mwaka 1941 Daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha ya kuwa saratani hii hulishwa na homoni za kiume, na ikinyimwa homoni hizo hunywea. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Ndiyo sababu hata leo wagonjwa wengi huondolewa korodani kwa upasuaji, au huchomwa sindano za kuzuia homoni.

Matibabu hayo huongeza miaka ya kuishi, lakini yana gharama yake mwilini. Wengine hushindwa kuzuia mkojo. Wengi hupungukiwa na nguvu za kiume au huzikosa kabisa. Joto la ghafla huwapanda usiku, misuli hulegea, mifupa hupungua uimara, na moyo huingiwa na huzuni isiyo na jina. Hapo ndipo baba huacha kwenda kanisani, kwa kuogopa harufu ya mkojo. Huacha kuketi na wenzake, kwa kuogopa mzaha wa kilabuni. Humkalia mkewe kimya, naye mke hudhani amechukiwa. Tumeponya mwili, na nyumba yabomoka.

Enyi akina baba, msijihesabu kuwa si waume tena. Kanisa halijafundisha kamwe ya kuwa ndoa yakoma nguvu za mwili zikomapo. Kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yahusu hali ya kutoweza iliyokuwapo kabla ya ndoa tena ya kudumu. Haigusi ugonjwa uliokuja baadaye. Mtakatifu Agustino alikwisha kufundisha ya kuwa joto la ujana likipoa, upendo baina ya mume na mke huendelea kuwa na nguvu zake. Naye nabii Isaya, katika sura ya 56, ampa faraja hata towashi: Mungu amkataza asijione kama mti uliokauka, tena amwahidia nyumbani mwake jina lipitalo wana na mabinti. Ikiwa ndivyo Mungu asemavyo, sisi ni nani hata tumcheke?

Watu wa Umatengo wanalo somo lao wenyewe. Katika kulima ngoro, mwanamume hufyeka majani na kuyapanga katika miraba, na mwanamke huchimba udongo na kuyafunika. Kazi zao si sawa, lakini shimo moja lazishika zote mbili, na mvua haiuchukui mlima. Nyumba nayo yaweza kupanga kazi zake upya. Mume asiyeweza tena kubeba gunia aweza kuwafundisha watoto na kuongoza sala ya jioni. Aweza pia kumshika mkewe mkono na kumwambia yaliyomo moyoni, na huo ni uaminifu wa ndoa.

Tena, kupona si kuagana na daktari. Kipimo cha damu kiitwacho PSA chapasa kurudiwa kwa tarehe zilizowekwa, hata mtu akijiona mzima. Maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia, miguu kufa ganzi au kulegea, na mkojo kuziba, ni dalili za kukimbilia hospitali siku ile ile, maana saratani iingiapo uti wa mgongo yaweza kumpoozesha mtu. Kwa mifupa na misuli, atembee kila siku na kufanya kazi za kadiri ya nguvu zake, aache tumbaku, apunguze pombe. Dagaa wa ziwani, waliwao pamoja na mifupa yao, ni chakula chema. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kama mtu azuiaye mkojo, huwasaidia wengi. Na aulize bila haya, kwani yako matibabu hata kwa upungufu wa nguvu za kiume.

Wako wakuu waliotuonyesha njia. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Kanisa la Kianglikana aligunduliwa saratani hii mwaka 1997. Hakuificha, na akaishi hadi 2021, mwenye miaka 90. Nelson Mandela alitibiwa mwaka 2001, akaishi miaka 12 zaidi.

Basi, kila mmoja achukue sehemu yake. Enyi akina mama, nendeni na waume zenu kwa daktari, mkasikilize pamoja. Enyi vijana, msiufanye ugonjwa wa mzee kuwa kichekesho. Mkumbuke pia ya kuwa baba yenu akiugua, nanyi mna sababu ya kupimwa mapema. Jumuiya ndogo ndogo zisiishie kuchanga nauli ya kwenda. Zichange na ya kurudi kupimwa, na zimtembelee mzee mwaka wa tatu kama zilivyomtembelea wiki ya kwanza. Mapadre wetu wamwulize faraghani, kwa maana yeye hataanza kusema.

Mtakatifu Yosefu, mume mwaminifu wa Bikira Maria, ambaye uume wake haukupimwa kwa mwili bali kwa ulinzi wake, awaombee akina baba wote wa namna hii. Nasi tulioshangilia kupona kwao, tukumbuke agizo la Bwana nyumbani mwa Yairo, tukawape chakula.