Namba Isiyotajiwa Kipimo

Msomaji, ukiulizwa shamba la baba yako ni kubwa kiasi gani, nawe ukajibu, "Nne," umesema kweli au umesema uongo? Hujadanganya, maana huenda shamba hilo ni ekari nne barabara. Wala hujasema kweli, kwa kuwa aliyekusikia haondoki na kitu ila sauti ya namba. Yu huru kudhani ni ekari, au hekta, au miguu ya mikahawa, na lolote atakalodhani, wewe utaweza kusema kwamba hukulitamka. Basi swali nilitakalo tulipime pamoja ni hili: mtu atoaye namba asitaje kipimo chake ana deni gani kwa yule anayempa? Na je, deni hilo laweza kulipwa na mashine kwa niaba yake?

Usilidharau swali hili kwa kuliona kuwa ni la walimu wa hesabu tu. Watu wa kale walilihesabu kuwa jambo la dini. Torati yakataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi. Na Kurani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyoitwa kwa jina la wapunjao katika kupima. Katika pwani yetu nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na bidhaa nzito kwa frasila. Leo sokoni tuna gorogoro, mkebe ambao kila mama aujua. Na kila mama ajua vilevile kwamba upo mkebe uliobonyezwa kitako kikaingia ndani. Hila hiyo ni ya zamani, na hukumu yake ni rahisi: muuzaji ni mwizi. Mimi nataka tutazame jambo gumu zaidi, yaani madhara yatokayo kwa watu wasio wezi.

Tazama jinsi viwanja vinavyouzwa nchini Kenya. Muuzaji husema, "Hamsini kwa mia," wala hataji futi, kwa sababu kila mtu ajua kuwa ni futi. Kiwanja cha namna hiyo kina futi za mraba 5,000, na watu hukiita pia thumuni ya ekari. Lakini ekari moja ina futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Futi za mraba 445, nafasi ya kutosha kujenga vyumba viwili vizuri, zimepotea kati ya jina na jina, na hakuna aliyeziiba. Zimemezwa na desturi. Kisha hati ya ardhi ikitoka, eneo limeandikwa kwa hekta, na mnunuzi asiyejua kugeuza kipimo huitia hati hiyo sandukuni bila kujua alichopata.

Hasara ya viwanja ni ya fedha. Sasa tutazame hasara ambayo ingaliweza kuwa ya roho za watu.

Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya abiria ya shirika la Air Canada, aina ya Boeing 767, ilitoka Montreal kwenda Edmonton ikipitia Ottawa, na ndani yake mlikuwa na watu 69. Wakati huo Kanada ilikuwa katika kuhama kutoka vipimo vya zamani vya Kiingereza kwenda vipimo vya metri. Ndege ile mpya ilihesabu mafuta kwa kilogramu, ilhali ndege za awali za shirika hilo zilihesabu kwa ratli. Vyombo vya kuonyesha mafuta vilikuwa havifanyi kazi, basi mafundi wakapima kwa kijiti, jinsi mtu apimavyo maji ndani ya pipa. Wakakuta lita 7,682. Safari ilihitaji kilogramu 22,300. Ilibakia kujua lita moja ya mafuta ina uzito gani, na karatasi ilisema 1.77.

Chukua kalamu, msomaji, uifanye hesabu yao. Zidisha 7,682 kwa 1.77, upate 13,597. Toa hizo katika 22,300, zibaki 8,703. Gawa kwa 1.77, na jibu ni lita 4,917 za kuongeza. Hesabu haina kosa, na mwalimu yeyote angeitia alama ya sahihi. Lakini ile 1.77 ilikuwa ratli katika lita moja, si kilogramu. Kilogramu katika lita ya mafuta yale ni 0.803 tu. Ndege ilikuwa na haja ya lita zaidi ya 20,000, ikapewa chini ya robo yake, ikaruka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyotakiwa. Huko Ottawa walipima tena na kuhesabu tena, kwa 1.77 ile ile, wakaridhika. Kurudia hesabu hakukusaidia kitu, maana jambo lililokosekana halikuwamo ndani ya hesabu. Ndege ilipokuwa katika futi 41,000 mafuta yakaanza kukatika. Injini moja ikazimika, na ya pili ikaifuata. Rubani Robert Pearson, aliyekuwa na mazoea ya kurusha ndege zisizo na injini, akaishusha kama tiara katika uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, ambako siku ile watu walikuwa wakishindana kwa magari. Hakuna aliyekufa.

Chombo cha Mars Climate Orbiter hakikuwa na bahati hiyo. Kilirushwa na shirika la anga la Marekani, NASA, tarehe 11 Desemba 1998, kwenda kuizunguka sayari ya Mirihi. Njiani kila kiliposukumwa kidogo na injini zake ndogo, programu ya kompyuta huku duniani ilihesabu nguvu ya msukumo ule na kuiandika katika jedwali. Mapatano yalikuwa kwamba jedwali liandikwe kwa kipimo cha metri, nyutoni-sekunde. Programu iliyotengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin iliandika kwa ratli-sekunde, na tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni mara 4.45. Waongozaji wakazipokea namba zikiwa tupu, wakazisoma kama walivyoahidiwa. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilifika Mirihi, na badala ya kupita kilomita zipatazo 226 juu ya sayari kilipita kama kilomita 57, ndani ya hewa ambayo hakikuundwa kuivumilia. Hakikusikika tena.

Kutokana na misiba ya aina hii, watengenezaji wa programu wameunda zana ambazo wao huziita maktaba. Jina hili lisikuchanganye. Maktaba ya programu si chumba cha vitabu, bali ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na mtu mmoja ili wengine wazitumie bila kuziandika upya. Moja yao, kwa waandikao kwa lugha ya Python, yaitwa Pint, yaani painti. Na ni mzaha mzuri, kwa sababu painti ya Uingereza ni mililita 568 na ya Marekani ni mililita 473, hata jina lenyewe laomba kuulizwa ni painti ipi.

Kazi ya maktaba kama hii ni kukataa kuipokea namba ikiwa uchi. Huipi 1.77, huipa 1.77 na maneno "ratli kwa lita". Nayo huyasoma maneno hayo kama karani mwangalifu asomavyo barua: hutenga kiambishi na kipimo, ikajua kwamba kilo ni elfu na mili ni sehemu ya elfu, hutazama katika orodha yake ikiwa kipimo hicho kipo, kisha hukumbuka ni kipimo cha nini, urefu, au uzito, au muda. Ukiiambia ijumlishe mita na sekunde, hukataa. Ukiipa ratli mahali pa kilogramu, hugeuza yenyewe bila kuombwa. Mafundi wa Montreal wangaliifanya hesabu yao mbele ya karani wa namna hii, 13,597 ingalitoka ikiwa na jina la ratli, na kuitoa katika kilogramu 22,300 kusingaliwezekana kabla ya kuigeuza.

Kazi ya kusoma yenyewe si nyepesi kama mtu adhanivyo. Herufi m ndogo ni mili, na M kubwa ni mega. Hivyo mg ni miligramu na Mg ni tani nzima, na kati yao mna mara 1,000,000,000. Andiko "min" ni dakika, lakini karani mwenye bidii kupita kiasi aweza kulisoma kuwa ni sehemu ya elfu ya inchi. Kwa hiyo waliotunga UCUM, orodha ya maandiko ya vipimo itumikayo sana katika mambo ya hospitali, waliitia inchi ndani ya mabano ya mraba, isije ikagongana na dakika.

Lakini mahali ninapoistahi zaidi maktaba ya Pint ni pale inapokataa jambo ambalo wewe na mimi tungelifanya bila kufikiri. Iambie ijumlishe nyuzi 20 za Selsiasi na nyuzi 20 za Selsiasi, nayo haikubali. Lita 20 na lita 20 ni lita 40. Lakini maji ya nyuzi 20 yakimiminwa katika maji ya nyuzi 20 hubaki kuwa ya nyuzi 20. Sisi tusemao Kiswahili tungepaswa kuwa wepesi wa kulielewa hili. Tukisema, "Amefanya kazi saa mbili," tunataja kiasi cha muda. Tukisema, "Amefika saa mbili," tunataja mahali katika siku, tena tunahesabu kuanzia macheo, wakati ambapo saa ya Mzungu yasoma nane. Neno ni moja na namba ni moja, lakini la kwanza laweza kujumlishwa na la pili haliwezi. Na ni wageni wangapi waliokosa gari kwa kuambiwa saa tatu wakaja alasiri!

Sasa turudi kwenye deni letu. Wako watu watakaosema: maadamu karani huyu yuko, mzigo umetutoka, tumwachie yeye. Nami sikubaliani nao, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba karani hujua tu aliloambiwa. Jedwali la Mirihi lingalipitishwa katika maktaba bora kuliko zote, namba zikiwa tupu vile vile na msomaji akiziandikia "nyutoni-sekunde" kwa kuamini mapatano, maktaba ingalizipokea kwa heshima na chombo kingalipotea vile vile. Jina la kipimo ni lazima litoke kwa yule aliyepima, maana yeye peke yake alikuwapo. Tena yapo mambo ambayo hata jina halitoshi. Nguvu ya kusokota kokwa ya gurudumu hupimwa kwa nyutoni-mita, na nishati nayo, tukiichambua jouli, ni nyutoni-mita. Kwa mashine hayo ni mamoja. Kwa fundi wa magari si mamoja hata kidogo, na hakuna orodha itakayompa karani akili ya fundi.

Ya pili ni kwamba kila karani wa namna hii ana mlango wa nyuma. Mwandika programu aweza kumwambia, "Niondolee jina, nipe namba tu," na mara nyingine ana sababu njema, kwa kuwa chombo kingine anachokipelekea hakipokei majina. Lakini mara nyingine sababu ni kwamba karani amekataa, na saa zimekwenda, na mkubwa anangoja. Hapo avuaye jina la kipimo hafanyi kazi ya hesabu tena. Anatia sahihi kwamba yeye binafsi anajua, na kwamba madhara yakitokea yataulizwa kwake. Mimi namwona mtu huyo kuwa na hatia kubwa kuliko mafundi wa Montreal. Wao hawakuonywa na mtu. Yeye ameonywa, akamnyamazisha mwonyaji.

Wewe nawe huenda umewahi kunung'unika mwalimu wa fizikia alipokukata alama kwa jibu lisilo na kipimo, ukasema moyoni kwamba namba ilikuwa sahihi na mwalimu ana roho mbaya. Fikiri basi juu ya daktari. Sukari ya damu hupimwa kwa milimoli katika lita hapa kwetu na katika nchi nyingi, lakini Marekani huipima kwa miligramu katika desilita, na namba za huko ni kubwa mara 18 hivi. Mtu mzima wa afya aliyefunga kula usiku aweza kuwa na 5 kwa kipimo cha kwanza na 90 kwa cha pili. Mgonjwa akirudi kutoka ng'ambo na mashine yake ya huko, akapiga simu kusema, "Leo ni ishirini na tano," muuguzi afanye nini? Kwa kipimo cha huku sukari imepanda mno hata ni hatari. Kwa kipimo cha huko imeshuka mno, na mtu huyu yu karibu kuzimia. Dawa ya hali moja ni mauti katika nyingine.

Hapa twaona kwamba apokeaye naye ana sehemu yake, ingawa ni ndogo kuliko ya atoaye. Muuguzi akiona haya kuuliza, "Ishirini na tano za nini?" adabu yake itamwua mgonjwa. Katika safari ya Mirihi wapo waongozaji walioona mapema kwamba namba hazikukaa sawa, wakanena habari hiyo. Lakini wasiwasi wao haukufikishwa katika njia rasmi hata ukafuatwa mpaka mwisho, na chombo kiliendelea na safari yake kwa majuma mengi, kila siku kikipotoka kidogo, hali watu waliokuwa na shaka wakiwa kazini kila siku, na namba zile mbele yao.