Maradhi Adimu kwa Nani?

Kuna swali ambalo huulizwa kwa upole, lakini ndani yake mna hukumu. Kijana wa Unguja aliyesomea sayansi za afya katika kampasi ya Mbweni ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar anapata nafasi ng'ambo ya kusomea shahada ya uzamivu. Akiulizwa atachunguza nini, anajibu: maradhi ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili na kuushambulia ubongo wake. Hapo wazee hutazamana. "Mwanangu," mmoja humwambia, "huku kwetu watu wanakufa kwa presha na sukari, kina mama wanapotea katika uzazi, nawe unakwenda kutafuta maradhi ya mtu mmoja katika malaki?"

Swali hili si la kubezwa. Elimu ya juu ni ghali, na umri wa kijana ukishapita haurudi. Mwenye nyumba inayovuja haanzi kwa kupaka mlango rangi. Hata hivyo, naona swali lenyewe limesimama juu ya neno moja ambalo hatujalipima, nalo ni "adimu".

Tuyatazame maradhi yenyewe. Kazi ya kinga ya mwili ni kumtambua mgeni mbaya na kumpiga vita. Mara nyingine hukosea, ikatengeneza kingamwili zinazomshika mwenyeji badala ya adui. Zikiushika ubongo, mgonjwa hukosa usingizi, husikia sauti zisizokuwepo, huwatukana aliokuwa akiwaheshimu, kisha huanguka kifafa au hunyamaza kabisa. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza aina moja ya maradhi haya, inayowapata zaidi wasichana na wanawake vijana, wengine wakiwa na uvimbe katika ovari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowakusanya wagonjwa 577 wa aina hiyo, ulionyesha kwamba kati ya waliofuatiliwa, karibu wanne katika kila watano walipata nafuu nzuri ndani ya miaka miwili. Waliotibiwa mapema walikuwa na matumaini zaidi.

Maradhi hayo hayakuzaliwa mwaka 2007. Wagonjwa wake walikuwapo zamani, Ulaya na Marekani kama kwingineko, na wengi wao waliitwa wendawazimu. Kilichozaliwa ni kipimo. Nacho kinahitaji maji ya uti wa mgongo na maabara yenye vifaa maalumu. Pasipo kipimo hapana hesabu, na pasipo hesabu watu husema maradhi hayapo.

Nilipata kumjua msichana aliyebadilika katika muda wa wiki tatu tu. Watu wake walimpeleka kwa madaktari, wakampeleka kwa mwalimu akasomewa, wakampunga pia. Sikuwalaumu, kwani kila mlango waliobisha ulikuwa njia yao ya kukataa kumwacha. Mwisho wake alifungiwa chumbani, na huko akafa. Sisemi kwamba alikuwa na maradhi haya. Nasema kwamba hapakuwa na mtu aliyeweza kusema hakuwa nayo.

Huenda msomaji akaona hayo ni mambo ya Ulaya tunayojitwisha bure. Basi na twende Mahenge, bara. Huko, katika miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliwaona watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kama wanaosinzia, kisha wakipatwa na kifafa. Baadaye maradhi kama hayo yaliwakumba watoto wengi wa kaskazini mwa Uganda, pande za Kitgum na Pader. Ilipofika mwaka 2017, watafiti wa Marekani walitangaza kwamba katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa Uganda walikuta kingamwili zinazoshika chembe za ubongo, na zinazofanana na zile ambazo mwili hutengeneza dhidi ya mnyoo wa usubi. Wataalamu wengine hawakukubali kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe, na mjadala haujafungwa. Lakini itazame hiyo miaka: tangu watoto wa Mahenge waandikwe katika daftari la daktari hadi dhana hiyo ipimwe, imepita nusu karne. Maradhi yaliyojaa katika kijiji kizima yalikuwa adimu kwa wenye maabara, maana kijiji hicho hakikuwa chao.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazee ni kwamba kijana aende. Lakini ruhusa hii ina sharti, na Mbweni yenyewe inanikumbusha. Hapa ndipo John Kirk, daktari na balozi wa Uingereza katika karne ya 19, alipokuwa na nyumba na bustani yake. Mimea ya nchi hizi aliikusanya akaipeleka Kew, karibu na London, ikapewa majina na kuhifadhiwa huko. Elimu iliongezeka, sikatai. Ila aliyetaka kuisoma ilimbidi avuke bahari. Leo kinachovuka ni chupa ndogo za damu. Ikiwa kijana wetu naye atachukua damu ya mgonjwa, apate cheo, na mama wa mgonjwa asiambiwe hata kilichoonekana, basi atakuwa amebadilisha rangi ya mkono tu. Kitendo kitakuwa kilekile.

Najua kwamba hawezi kurudi na maabara mgongoni. Serikali isipotenga fedha, kipimo hakitakuja kwa nia njema peke yake. Lakini anaweza kuwafundisha madaktari dalili za kutilia shaka, ili msichana aliyebadilika ghafla asifungiwe kabla hajachunguzwa. Anaweza kuchagua swali lililoulizwa Mahenge au Unguja, badala ya lile tu linalomfurahisha msimamizi wake. Na anaweza kukaa na familia akawaeleza kwa Kiswahili walichokitoa kimekwenda wapi na kimesema nini.

Neno shahada asili yake ni ushahidi. Anayeipata kwa ajili ya wagonjwa amekuwa shahidi wao, na ushahidi hutolewa mahali ambapo wenye kesi wanaweza kuusikia.